Siku Bibie Alipochagua Baba

Msomaji mmoja kaniuliza mbona nasimulia haya kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Sasa ulitaka nilie? Ningelia ningekwambia. Machozi yangu yaligoma siku walipomchukua mume wangu, na mpaka leo hayajarudi kazini.

Kwa uliyechelewa kujiunga: mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Kwetu, kila jioni king'ora kinalia, na kila familia inakaa mezani, mlango wazi, mpaka kinyamaze. Jioni moja kikakwama, kikatoa sauti kama ya mbuzi mwenye kikohozi. Mume wangu akacheka. Akacheka, jamani, basi! Kesho yake hakurudi kutoka kazini, na wiki haikuisha wakaniletea mwingine.

Ndiyo, mwingine. Nyumba haikuruhusiwa kukaa na pengo. Idara ya Kaya humwita mtu kama huyo "mzazi mbadala". Sisi tukiwa peke yetu tunawaita viraka, na wa kwangu nilimwita Kiraka tangu dakika ile alipoweka mfuko wake mlangoni, pale nilipowaachia juma lililopita.

Nilitegemea jitu. Akaingia mwoka mikate, mpole, mwembamba, mikono yake haijui ikae wapi. Mbele za watu aliniita "mke wangu". Tukibaki wawili aliniita "dada" na kulala jikoni sakafuni.

"Samahani, dada," aliniambia siku ya kwanza, "chumvi mnaweka wapi?"

"Una watoto?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Nyumbani. Wana kiraka wao."

Nikampa chumvi.

Sasa kuna Shangazi. Kila jengo lina Shangazi wake, na si shangazi wa damu, usije ukadanganyika. Analipwa na Idara. Anazunguka nyumba hadi nyumba, anakula na watu, ana funguo za milango yote, na watoto wamefundishwa shuleni kumwambia yeye jambo kabla hawajamwambia mama. Wa kwetu ni mnene, mcheshi, anapenda sukari. Akicheka, unaweza ukajisahau ukampenda.

Jioni moja king'ora kilipolia, alikuwa mezani kwetu.

"Wifi, chai yako haina sukari," akasema, akajiongezea vijiko kama anajaza kapu. "Halafu Ijumaa tunampeleka Bibie kwenye Utambuzi."

Kijiko kikanitoka mkononi.

"Ijumaa hii?"

"Kwani kuna Ijumaa nyingine dukani? Mtoto anaingia chumbani, anakuta wanaume watatu wamekaa, anamwendea baba yake. Basi, imekwisha. Mbona umekauka hivyo?"

"Na akikosea?"

"Akikosea, maana yake kaya haijashika. Yeye anakwenda Nyumba ya Watoto, wewe unakwenda bweni la wanawake, huyu kaka yangu anapangiwa kwingine." Akapuliza chai yake. "Lakini atakosea vipi? Mtoto ana akili huyu. Eti Bibie, huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Bibie ni binti yangu. Wakati huo alikuwa anaingia darasa la kwanza, meno ya mbele hana. Alimtazama Kiraka kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka.

"Mjomba," akasema.

Kiraka akapaliwa na mkate. Mimi nikatoa kile kicheko cha kuzuga wageni.

"Watoto bwana! Anatania huyu."

"Anatania," Shangazi akasema. Yeye hakucheka. "Ijumaa asitanie, wifi."

Mimi ni fundi cherehani katika karakana ya sare. Suruali zinanifikia zimeshakamilika, zina mifuko na kila kitu, na kazi yangu ni kuifunga hiyo mifuko. Napitisha mshono mdomoni, nakata uzi, navuta suruali nyingine. Idara haipendi watu wafiche mikono. Usiniulize kwa nini wasizishone bila mifuko tangu mwanzo, maana aliyeuliza swali hilo kabla yangu sijamwona tena.

Basi kutwa nzima nafunga mifuko, huku kichwani namfundisha mtoto. Nikirudi nyumbani namfundisha kwa mdomo.

"Bibie, baba ni nani?"

"Fundi wa lifti."

"Hapana. Baba ni huyu hapa, anayetupikia mikate."

"Huyu ni mjomba."

"Nani kakwambia ni mjomba?"

"Kama si baba na anakaa kwetu, ni mjomba."

Hebu mjibu mtoto kama huyo! Nilimpa sukari, akaramba mpaka kidole, akamwambia Kiraka, "Ahsante, mjomba." Nikamtisha na Nyumba ya Watoto, akaniuliza kama kuna bembea. Nikamchapa kofi, akalia, akamkimbilia Kiraka. Moyo ukanipanda, nikadhani sasa tumefika. Akamkumbatia shingoni akasema, "Mjomba, mama kanipiga."

Kiraka alinitazama juu ya kichwa chake.

"Dada, mwache. Tutapata njia."

"Njia ipi? Ijumaa ni keshokutwa."

Akarudi kwenye mikate yake.

Hapo ndipo nikafanya nilichofanya. Nakisema mapema ili mkitaka kufunga gazeti mlifunge sasa.

Mume wangu alikuwa na mchezo wake na mtoto. Akirudi kazini, hata hajavua ovaroli, Bibie anapanda juu ya viatu vyake, miguu juu ya miguu. Mume wangu anauliza kama wafanyavyo kwenye lifti za wakubwa, "Ghorofa ya ngapi, bibie?" Ndiyo jina lilikotoka. Mtoto akisema ya kwanza, anainuliwa mpaka kiunoni. Ya pili, kifuani. Ya tatu, mabegani. Anainuliwa polepole, na lifti inanguruma. Pengine inakwama katikati, mtoto ananing'inia anacheka mpaka anakosa pumzi, na haiendi mpaka aibonyeze pua. Hakuna mtu mwingine aliyeucheza. Mimi mwenyewe sikuwahi kuujaribu, mikono yangu haina nguvu hizo.

Nikamfundisha Kiraka.

"Huo ni wa mwenyewe, dada," akasema. Alirudi nyuma mpaka akagonga jiko.

"Mwenyewe hayupo."

"Mimi na wanangu tulikuwa tunakanda unga. Kila mmoja ana donge lake, anatengeneza mnyama." Akafuta mikono kwenye suruali, mikono iliyokuwa mikavu. "Nikifikiria yule kiraka wao anawakandisha..."

"Unataka mtoto wangu aende?"

"Hapana."

"Basi simama vizuri. Miguu pamoja. Akipanda, unauliza ghorofa ya ngapi."

Nikamwonyesha mwendo, nikamwonyesha mngurumo, nikamwambia mahali pa kukwama. Nilimfundisha kama ninavyofundisha wasichana wapya mashine. Kisha nikamwita mtoto.

Bibie alisimama mlangoni, akaiona ile miguu iliyopangwa pamoja. Akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akaja taratibu, akapanda mguu mmoja, akapanda wa pili.

"Ghorofa ya ngapi, bibie?" Sauti ya Kiraka ilikuwa imekatika katikati.

Mtoto akatazama chini, miguu juu ya miguu. Halafu, kwa sauti ndogo, "Ya kwanza."

Akainuliwa. Akataka ya pili. Kiraka akasahau kunguruma, mtoto akamkumbusha. Wakafika ya tatu, lifti ikakwama, mtoto akaibonyeza pua, na kile kicheko kikatoka, kilekile, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu baba yake achukuliwe.

"Tena!" akasema. "Tena, baba!"

Kiraka akageuza uso ukutani, mtoto bado yuko mabegani.

Mimi nilikwenda kupiga pasi. Ningependa kuwaambia nilijisikia mwizi, au nilifurahi. Moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Nilipiga pasi shati moja mara tatu.

Ijumaa ikafika.

Ofisi ya Utambuzi ina kuta za kijani na harufu ya dawa ya sakafu. Ofisa alikuwa kijana mwenye mafua, anavuta makamasi kila baada ya neno. Alitusomea masharti huku anatafuta leso.

"Wanaume wanakaa vitini. Hawasemi, hawatabasamu, hawakonyezi. Mikono juu ya magoti. Mama unakaa benchi la pembeni, macho chini, sakafuni. Ukiinua macho, tunaandika mtoto ameelekezwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Shangazi?"

"Mimi najua kazi yangu, mwanangu," Shangazi akasema, akakaa kando yangu na kuniwekea kiganja pajani. Kiganja kilikuwa cha moto. "Tulia, wifi. Unatetemesha benchi."

Nikainamisha kichwa. Mlango wa ndani ukafunguliwa, wanaume wakaingia. Niliona viatu tu. Jozi ya mwisho, upande wa dirisha, ilikuwa ya Kiraka, niliing'arisha mwenyewe asubuhi. Jozi ya katikati ilikuwa ya mtu mnene, visigino vimelala. Nikahamisha macho kwenye jozi ya kwanza, iliyo karibu na mlango wa ndani.

Kamba zilikuwa zimefungwa, kisha ncha zake zikachomekwa ndani ya kiatu.

Watu wa kawaida hawafungi hivyo. Anayefunga hivyo ni mtu anayefanya kazi karibu na mashine inayozunguka, anayeogopa kamba isije ikanaswa ikamvuta. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje. Miaka yote nilikuwa namwambia, unatembea kama bata, na yeye ananijibu, bata hajawahi kuanguka kwenye lifti.

Kumbe ndivyo wanavyofanya! Wanamweka mwenyewe. Wanamtoa huko walikomficha, wanamkalisha kwenye kiti, wanamwita mtoto wake achague. Nikashika ukingo wa benchi. Sikuinua macho. Mungu anajua nilivyotaka, lakini sikuinua.

"Una nini?" Shangazi akaninong'oneza.

"Mgongo."

"Vumilia."

Mlango wa nje ukalia. Viatu vya Bibie vikaingia, vile vya shule, vyeupe kwa chaki.

"Haya mtoto mzuri," Ofisa akasema, akavuta makamasi. "Mwendee baba."

Viatu vyeupe vikasimama katikati ya chumba. Vikasimama muda. Nikasikia saa ya ukutani, nikasikia mtu anameza mate, sijui nani.

Halafu vikaondoka. Havikwenda dirishani. Vilikwenda mlangoni, kwenye kamba zilizochomekwa, kwanza polepole, kisha kwa haraka ya mtoto. Vikafika, vikasimama mbele yake, vidole vinagusana na vidole. Nikaona kiatu kimoja cheupe kinanyanyuka ili kipande.

Nikafumba macho. Nikasema kimoyomoyo, kwisha habari yangu. Nikaanza kufikiria nguo zipi nimfungie.

Nilipofumbua, kile kiatu cheupe bado kilikuwa hewani.

Viatu vya mume wangu vilikuwa vinarudi nyuma. Taratibu sana, bila sauti, kisigino kisha kidole, kisigino kisha kidole, mpaka vyote viwili vikaingia chini ya kiti, huko nyuma, mahali ambapo mtoto hawezi kupanda. Masharti yalitaja mdomo, macho na mikono. Miguu waliisahau.

Kiatu cheupe kikashuka sakafuni. Kikakaa. Kisha viatu vya Bibie vikageuka, vikampita mnene, vikaenda mpaka dirishani, vikapanda juu ya viatu nilivyong'arisha, kimoja halafu cha pili.

"Ya tatu," akasema. "Baba, ya tatu."

Visigino vyake vikanyanyuka vikapotea machoni pangu. Nikasikia mngurumo. Kiraka safari hii hakuusahau.

"Amemtambua," Ofisa akasema. "Kaya imeshika."

Muhuri ukapigwa. Shangazi akanipiga kofi la furaha mgongoni, palepale niliposema panauma.

"Si nilikwambia! Si nilikwambia ana akili!"

"Namba moja, simama," Ofisa akasema. "Toka."

Vile viatu vikatoka chini ya kiti. Kamba moja ilikuwa imechomoka ikawa inaburuzika. Nilikuwa na neno mdomoni, neno ambalo nimelisema kila asubuhi ya ndoa yangu: kamba. Kamba yako, utaanguka. Nikaliuma. Ameusikia mchezo wake unachezwa na mwanamume mwingine, na kamba yake iko wazi, na mkewe yuko benchini anatazama sakafu. Viatu vikavuka kizingiti, cha kushoto kikitupa nje kidogo, na mlango ukafungwa.

Kiraka alibaki ofisini kula kiapo. Sisi wanawake watatu tukarudi nyumbani. Njiani Shangazi alimnunulia Bibie pipi, akamsifu kwa kila aliyekutana naye. Lifti ya jengo letu imekufa tangu mume wangu achukuliwe, nani wa kuitengeneza? Kwa hiyo tukapanda ngazi. Mimi na mtoto mbele, Shangazi nyuma na pumzi zake, anapumzika kila mahali ngazi zinapokata kona.

Bibie alikuwa amenishika mkono. Alikuwa hajaila pipi.

"Mama."

"Mm."

"Baba amekonda."

Nikaendelea kupanda. "Baba yupi? Baba anakula vizuri."

"Baba. Yule wa mlangoni." Hakunitazama, alikuwa anatazama anapokanyaga. "Nilitaka kupanda, akavuta miguu. Akaificha chini ya kiti. Nikajua."

"Ukajua nini?"

"Nikajua leo lifti ni mbovu. Niende nyingine."

Jamani. Mtoto hana hata meno ya mbele. Mimi nikadhani amesahau, nikadhani nimefaulu kumsahaulisha, kumbe ameona yote, amepima, amechagua, na akabaki na pipi mfukoni. Nilitaka kukaa palepale kwenye ngazi. Macho yakaniwasha, nikasema, haya sasa, yanarudi, machozi yanarudi.

Ndipo nikagundua kwamba pumzi za Shangazi sizisikii.

Nikageuka. Hakuwa mbali kama nilivyodhani. Alikuwa amesimama chini yetu kidogo, mkono juu ya ukuta, mdomo umefungwa, anapumulia puani.

"Eti alificha nini?" akauliza.

"Mchezo, wifi," nikasema. "Anasimulia mchezo wa shuleni."

"Sijakuuliza wewe, wifi. Namuuliza mpenzi wangu."

Bibie aliniachia mkono. Akashuka ngazi moja moja mpaka kwa Shangazi, akapanda juu ya viatu vyake, akainua uso na kutabasamu kwa mapengo yake yote.

"Ghorofa ya pili, Shangazi!"

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka tumbo likacheza, na mimi nikashika chuma cha ngazi, nikapumua. Akamshika mtoto kwapani, akamwinua taratibu mpaka kifuani, akanguruma vizuri kabisa, kama mtu aliyeusikia mngurumo huo kupitia ukuta mara nyingi. Kisha akasimama hapohapo katikati, mtoto ananing'inia, pua kwa pua.

"Imekwama," Shangazi akasema kwa upole. "Sasa niambie, mpenzi wa shangazi. Ile lifti mbovu ya leo, zamani ilikuwa inakufikisha ghorofa ya ngapi?"

Bibie aliinua kidole kuelekea pua ya Shangazi, akakisimamisha njiani. Akanitazama mimi. Kisha akafungua mdomo.